Dungu la Usiku: Wanawake wa Uzaramo Kabla ya Vita vya Maji Maji

Nguruwe mwitu hali shamba kama ndege. Ndege huja mchana, hudonoa suke, na mtoto mwenye kombeo anaweza kumfukuza. Nguruwe huja usiku, tena haji peke yake. Huanzia pembeni, hufukua muhogo kwa pua, huangusha mabua ya mtama apate suke moja na kuyakanyaga matano, na kabla ya alfajiri kazi ya miezi minne imekuwa kama uwanja uliochezewa ngoma. Ndiyo maana wakulima wa Uzaramo walijenga dungu: jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo, limeezekwa nyasi au makuti. Mlinzi alikesha humo akipiga kelele na kugonga vitu mpaka mavuno yaingie ghalani.

Nani alikuwa akikesha ndani ya madungu hayo kati ya mwaka 1902 na 1905? Kwa miaka mingi wanahistoria hawakuuliza. Maofisa wa Kijerumani waliotawala nchi wakati ule hawakuuliza pia, ingawa wao ndio waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kutaka kujua. Mwezi Agosti 1905 vita vya Maji Maji viliingia Uzaramo, vikawakuta wametazama kwingine.

Uzaramo ni nchi iliyoizunguka Dar es Salaam upande wa magharibi na kusini. Kwa ramani ya leo, sehemu yake kubwa imo katika wilaya za Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani: vilima vya Pugu, Kisarawe yenyewe, Maneromango, Kisangire, Soga, Mlandizi, mpaka bonde la mto Ruvu. Ni nchi ya mchanga mwekundu na mweupe, vichaka, mapori na mabonde madogo yanayoshika maji wakati wa masika. Watu wake walilima mtama, mpunga, mahindi, kunde na muhogo. Katika karne ya kumi na tisa walichimba pia sandarusi, utomvu uliogeuka jiwe ardhini, wakaiuza pwani kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiipeleka Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi.

Mzaramo alihesabu ukoo wake kwa mama. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani kama mwali kwa miezi mingi, na pengine zaidi ya mwaka, akifundwa na wanawake wakubwa, naye akipewa kisanamu cha mti kinachoitwa mwana hiti akitunze kama mtoto. Siku ya kutolewa nje ilikuwa sherehe ya kijiji kizima. Nayataja haya kwa sababu msomaji wa kumbukumbu za serikali ya Kijerumani angeweza kudhani Uzaramo ilikuwa nchi ya majumbe, bunduki na vibanda vya kutozwa kodi. Humo humo mlikuwa na mkondo mwingine wa maarifa na mamlaka, uliopitia kwa wanawake: mbegu, mwali, uzazi, chakula cha ghalani.

Kazi ya shamba iligawanywa. Wanaume walifyeka pori, wakachoma, wakajenga dungu na ua, wakawinda. Wanawake walilima, wakapanda, wakapalilia, wakavuna na kuhifadhi mbegu. Uwindaji wa nguruwe ulikuwa sehemu ya kilimo. Wanaume wa vijiji jirani walikusanyika na nyavu, mikuki na mbwa, wakaufagia msitu ulio karibu na mashamba kabla mtama haujaanza kubeba. Hata Uislamu ulipoenea na nyama ya nguruwe ikawa haramu kwa wengi, msako haukukoma, kwa kuwa ulifanywa kwa ajili ya mtama zaidi kuliko nyama.

Mpangilio huu ulianza kuvunjwa kidogo kidogo, na hakuna aliyekaa ofisini akasema tunauvunja. Amri moja ilitoka huku, nyingine kule, kila moja na sababu yake. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya wanyamapori kwa koloni zima, na nyingine zikafuata. Uwindaji ukawa jambo la leseni. Bunduki na baruti zilikuwa zikibanwa tangu vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, na uwindaji wa pamoja kwa nyavu nao ukaanza kutazamwa kama uharibifu. Misitu ikaanza kuwekewa mipaka, na misitu hiyo ilikuwa makao mazuri ya nguruwe. Mwaka 1897 ikatungwa sheria ya kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata: rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Kodi ilihesabu mapaa, na rupia hazikuota shambani. Zilikuwa Dar es Salaam, bandarini, na katika mashamba makubwa ya walowezi huko kaskazini.

Wanaume wakazifuata. Wengine waliondoka kwa hiari, kwa mwezi au kwa msimu, wengine walipelekwa. Mwaka 1905 ilianza kujengwa reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ikakata katikati ya Uzaramo kwa kupitia Pugu, Soga na Ruvu, nayo ikataka mikono.

Kisha pamba. Mwaka 1902 serikali ilianzisha katika wilaya ya Dar es Salaam mashamba ya kijiji ya pamba. Kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, alitakiwa kutenga shamba, na watu wake walifanyie kazi siku 28 kwa mwaka. Malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu, na wengi walikataa kuzipokea. Vitabu vya shule vinasimulia kisa hiki kama dhuluma ya ujira, na kweli ilikuwa dhuluma. Ila siku 28 za pamba hazikuwa siku za hivi hivi tu. Pamba inataka kupaliliwa na kuchumwa katika majira ambayo chakula nacho kinadai mtu shambani. Wanaume walipoondoka, zamu ya pamba haikuondoka nao. Iliwaangukia waliobaki, na waliobaki kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake na watoto.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, Mmarekani aliyepitia majalada ya utawala wa Kijerumani kwa subira kubwa, ndiye aliyeziweka habari hizi pamoja katika makala aliyochapisha mwaka 1997 kuhusu njaa, nguruwe mwitu na mvutano wa wanaume na wanawake Uzaramo. Hoja yake naieleza kwa maneno yangu: miaka michache kabla ya vita, mwanamke wa Uzaramo alikuwa amebebeshwa kazi ya watu wawili. Alifyeka yeye, akalinda usiku yeye, na nguruwe walioachwa bila kuwindwa walizidi kila msimu. Ghala likapungua. Nchi ilikuwa bado haijasahau nzige wa 1894 wala ukame na njaa ya 1898 na 1899. Kila aliyekuwa na umri wa kukumbuka alijua ghala tupu linaanzaje.

Sunseri hasemi kwamba wanawake ndio walioanzisha vita, nami sisemi. Sipendi kuwatia wanawake wa Uzaramo vinywani maneno ambayo hatunayo. Majalada yaliandikwa na wanaume wa serikali na wamisionari, na mwanamke hupita humo kama kivuli ukutani. Hata hivyo kivuli kinaonyesha mwenye mwili alisimama wapi. Mtu aliyekesha kwenye dungu mwaka 1904 aliona kwa macho mambo ambayo ripoti ya mwaka ya wilaya haikuwa na safu ya kuyaandika: nguruwe wanakuja mapema kuliko mwaka jana, mume wa jirani hajarudi kwa msimu wa pili, mbegu imeanza kuliwa.

Mbegu kuliwa si jambo dogo. Kabla ya hapo familia hupunguza mlo, kisha huingia porini. Huko kuna ndiga, kiazi mwitu chenye sumu, kinachotaka kumenywa, kukatwakatwa na kulowekwa majini siku kadhaa kabla hakijawa chakula. Kazi hiyo ilijulikana na wanawake. Wanawake wakionekana wamebeba vikapu vya mizizi wakati ambao mtama ungepaswa kuwa ghalani, kijiji chote kilielewa maana yake bila kuambiwa.

Ni ajabu basi kwamba simulizi ya Kolelo inaanzia hapo hapo. Martin Klamroth, mmisionari wa Kilutheri kutoka Berlin aliyefanya kazi Uzaramo na kuandika juu ya dini ya Wazaramo miaka michache baada ya vita, aliisikia na kuiandika. Zamani wanawake wawili waliingia porini kuchimba mizizi. Mmoja wao alikuwa wa ukoo wa Mlali. Akatokea Kolelo, joka kubwa, akamchukua yule wa Mlali awe mke wake, akasema ametumwa na Mungu kuyatengeneza yaliyoharibika duniani, na kwamba watu wa ukoo ule watamtumikia katika pango lake milimani Uluguru. Tangu hapo Wazaramo walikuwa wakipanda Uluguru nyakati za shida, kuomba mvua, kuomba dawa ya mashamba. Wapanda milima hao hawakuwa waasi. Walikuwa wakulima wenye tatizo la kilimo, wakienda mahali ambapo wazee wao walikuwa wakienda.

Klamroth aliandika pia kilichotokea mwaka 1905, na hapa ndipo mtu anayefuatilia dalili hushika kichwa. Neno la Kolelo lilibadilika. Yule aliyekuwa akitoa mvua na kulinda mashamba sasa alikuwa akikataza watu kuwalipa kodi wageni weupe. Ikasemwa kwamba katikati ya mwezi Julai itakuja gharika kubwa iwaangamize wazungu na wafuasi wao. Baadaye ikasemwa ardhi itafunguka iwameze, na bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi. Wakati huo huo kusini, katika bonde la Rufiji, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akiwapokea watu kwa maelfu tangu mwaka 1904, akiwapa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Angalia vilivyomo: maji, mbarika, mtama. Dawa ya vita ilitengenezwa kwa vitu vya jikoni na ghalani. Kabla haijawa kinga ya risasi, dawa ya namna hiyo ilikuwa kinga ya shamba.

Habari zilisambaa kwa kunong'onezana. Katika nchi ya Wamatumbi mnong'ono huo ulikuwa na jina lake, njwiywila, yaani habari ya siri inayopita sikio kwa sikio. Lakini safari za kwenda Ngarambe hazikuwa za siri hata kidogo. Mzee mmoja aliyehojiwa miaka sitini baadaye alizifananisha na msafara wa harusi, watu wakiimba na kucheza njia nzima, vigelegele vikipigwa. Neno hilo la vigelegele limekaa katika maandishi kwa zaidi ya miaka hamsini na wengi wamelipita. Katika pwani yetu, kigelegele hupigwa na mwanamke. Basi wanawake walikuwamo njiani, kwa wingi wa kusikika, kabla ya risasi ya kwanza.

Serikali iliona nini? Iliona mganga anavuta watu. Baadhi ya maakida, wasimamizi wa serikali waliowekwa juu ya majumbe, walipeleka taarifa za mikusanyiko, wakubwa wakazipima kwa vipimo vyao: kuna bunduki? kuna jumbe aliyekaidi? Misafara ya familia nzima, wake na watoto na wazee, haikufanana na jeshi. Jeshi kwa akili ya ofisi ni wanaume wenye silaha. Msafara wenye mama aliyefunga mtoto mgongoni unaonekana kama watu wanaokwenda kutambika, na kutambika hakukuwa na safu katika kitabu cha usalama.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa miche ya pamba ya serikali. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Walichelewa, maji yalikuwa yameshafika mbali. Ndani ya mwezi huo vita vikashika Uzaramo ya kusini, na mmoja wa viongozi wake akawa Kibasila wa Kisangire, ambaye Wajerumani walimkamata na kumnyonga. Shule ya sekondari ya Kibasila iliyopo Dar es Salaam imebeba jina lake mpaka leo, na sijui ni wanafunzi wangapi wanaopita getini pale wakijua kwamba Kisangire ni mwendo wa saa chache tu kutoka darasani kwao.

Kusini zaidi, Ungoni, kulikuwa na mwanamke mtawala, Nkomanile. Mjumbe wa maji, Omari Kinjala, alipokelewa kwake, na kutoka kwake dawa ikaenea kwa wakuu wengine. Mwaka 1906 alinyongwa Songea pamoja na viongozi wa Wangoni. Namtaja ili tusijidanganye kwa kudhani kwamba ukisema mwanamke umesema amani. Wanawake wa 1905 walikuwa watu kamili: wengine walibeba habari, wengine walipiga vigelegele, mmoja alitawala na akachagua vita. Aliyewauliza angeweza kusikia yote hayo. Tatizo la ofisi ya Dar es Salaam lilikuwa kwamba haikuuliza, na kwa hiyo haikujua hofu iliyokuwa ikilala katika nyumba za raia wake wala tumaini lililokuwa likiziamsha.

Gavana Gustav Adolf von Götzen aliomba manowari na askari kutoka Ujerumani. Tume ya uchunguzi ilikaa Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1905 kutafuta chanzo. Maelezo aliyoyapenda gavana yalikuwa ya njama: waganga na wakuu wamekula kiapo, wakawadanganya watu wajinga. Ni maelezo yanayomwondolea mtawala lawama, na hayamtaki mtu yeyote ahesabu nguruwe.

Kisha vita vikageuzwa. Kapteni Wangenheim, mmoja wa makamanda, aliandika wazi kwamba njaa pekee ndiyo itakayowashinda waasi kabisa, kwa kuwa vita vya risasi vingekuwa tone la maji baharini. Vikosi vikachoma vijiji, mashamba na maghala. Wake na watoto wa wapiganaji walikamatwa ili wanaume wao wajisalimishe. Ninaposoma habari hizi nakasirika, sifichi. Serikali iliyoshindwa kuliona ghala likipungua kwa miaka mitatu ilijua barabara ghala liko wapi ilipotaka kulichoma.

Makadirio ya waliokufa katika nchi yote ya vita huanzia watu 75,000 na kupanda hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Katika miaka ya 1930, mume na mke waitwao Culwick walifanya utafiti Ulanga, wakaona kwamba wanawake waliopitia njaa ile wakiwa katika umri wa kuzaa walizaa watoto wachache kuliko ilivyotarajiwa, pungufu kwa zaidi ya robo. Vita hivyo viliendelea kupiganwa ndani ya miili ya wanawake miaka mingi baada ya askari wa mwisho kurudi kambini. Pori nalo likarudi juu ya mashamba yaliyoachwa, na katika pori nguruwe, na mbung'o.

Mwaka 1968 na 1969, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya kumbukumbu za Maji Maji kabla wazee waliozishuhudia hawajaisha. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, iliyoongozwa na John Iliffe na wenzake, na utafiti wa Gilbert Gwassa uliokuwa umeitangulia ndio uliotupa Ngarambe na njwiywila. Taifa lilikuwa changa, likitafuta mashujaa wake wa kwanza, nalo likawapata. Wazee waliohojiwa walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume, nao walisimulia walichokijua: pamba, kiboko cha akida, mapigano. Bibi aliyelala kwenye dungu akiwa msichana wa miaka kumi na tano mwaka 1904 angekuwa na umri wa miaka karibu themanini. Wengine wa rika lake bila shaka walikuwa hai, wamekaa nyuma ya nyumba wakichambua mchicha, wakati babu akihojiwa barazani.

Nimekaa muda mrefu na kisa hiki kwa sababu kile ambacho dunia ilikuja kukiandika karne nzima baadaye kilikuwa kimeshatokea Maneromango na Kisangire. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, mashirika ya kimataifa yalijenga mifumo ya tahadhari ya mapema: namna ya kukusanya dalili za vita kabla ya vita. Mwanzoni dalili zilizohesabiwa zilikuwa silaha, wakimbizi, mapinduzi, bei. Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325, likitaka wanawake washirikishwe katika kuzuia migogoro na kujenga amani. Miaka iliyofuata, shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake la wakati huo, UNIFEM, lilijaribu katika Visiwa vya Solomon na Bonde la Fergana huko Asia ya Kati kutengeneza orodha za dalili zinazouliza mambo ya kila siku: je, wanawake bado wanakwenda mashambani na sokoni bila hofu?

Jirani zetu walikuwa wametangulia bila kusubiri azimio. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, koo za Wasomali zilipokuwa zikiuana kati ya 1992 na 1994, soko lilikuwa limegawanyika: wanawake wa ukoo huu hawauziwi na wa ukoo ule. Wanawake wachache, miongoni mwao mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, walianza hapo hapo sokoni. Walikubaliana kwamba soko liwe la wote, wakaweka watu wa kulitazama kila siku. Ugomvi mdogo wa maneno kati ya wauza maziwa wawili ulipokelewa kama habari, ukafuatwa mpaka nyumbani, kwa sababu walijua wanaume wenye bunduki watausikia kesho. Kutokana na kundi hilo ikakua kamati ya amani ya Wajir mwaka 1995. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011.

Na Pwani yetu? Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, kusini tu mwa Kisarawe, watu wasiojulikana waliwaua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa Kibiti katika shambulio moja. Serikali ikaunda kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, na operesheni kubwa ikafuata. Mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, Azory Gwanda, alitoweka Novemba 2017. Mkewe ndiye aliyemwona wa mwisho katika familia, ndani ya gari lililokuja na watu wengine, na ndiye aliyeueleza umma. Gari lile lilimfuata mama huyo alikokuwa: shambani.

Kibaha ni makao makuu ya mkoa, na ndiko ripoti za wilaya zote za Pwani hufika. Kamati za ulinzi na usalama huundwa kwa vyeo, na vyeo hivyo mara nyingi hushikwa na wanaume. Kuna pia njia nyingine ambazo zimeshafika kijijini: madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uliozinduliwa mwaka 2016. Mama anayekwenda huko husikilizwa kuhusu kipigo cha mumewe, na ni haki yake. Ninachokitamani ni aulizwe pia habari za kijiji: vijana gani wameacha kuja nyumbani, mikopo ya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, imeanza kukopwa kwa ajili gani, ng'ombe wa nani wamelala shambani mwake jana usiku.

Ng'ombe nawataja kwa makusudi. Tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na wengi kuelekezwa Pwani na Lindi, mivutano ya wakulima na wafugaji imeendelea katika mabonde ya mkoa huu, Kisarawe na Kibaha zikiwamo. Tunajua inakoweza kufika: Desemba 2000, huko Rudewa wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Kabla ya kila tukio la namna hiyo kuna misimu ya mazao yaliyoliwa usiku, na mtu aliyeyakuta yameliwa asubuhi. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke mwenye jembe, amesimama kwenye tuta, anahesabu mashimo ya kwato. Mfugaji naye ana mke anayekamua, anayejua tangu lini maziwa yamepungua na njia ipi ya kwenda mtoni imezibwa kwa shamba jipya.

Ukitoka Kisarawe kwenda Maneromango wakati mtama na mahindi yanakomaa, bado utayaona madungu. Siku hizi mengine yameezekwa karatasi ya nailoni, na kamba huning'inizwa makopo badala ya vibuyu. Usiku ukisimama kando ya barabara utasikia makopo yale yakigongwa, kisha sauti ikiita nguruwe waondoke, na kutoka shamba la pili sauti nyingine, ya mwanamke, ikijibu.